Oktoba iliyoangukia Novemba

Swali: Nikifundisha Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi, 1917, wanafunzi wanakwama kwenye tarehe, kisha kwenye sera za Lenin, kiongozi wake. Nifanyeje?

Jibu: Tarehe ni rahisi. Kalenda ya Urusi ilikuwa nyuma kwa siku 13, hivyo Oktoba 25 yao ni Novemba 7 yetu. Andika zote mbili ubaoni.

Penye kazi ni kwenye sera. Mpe mwanafunzi "mkulima" punje 20 za maharage. Raundi ya kwanza, mwachie 8 za kula, zilizobaki zichukue bure, kama serikali ilivyochukua nafaka 1918 hadi 1921. Muulize atapanda ngapi msimu ujao. (Wengi huanza kuficha punje mfukoni, waache, ndivyo ilivyokuwa.) Raundi ya pili, kodi ya nafaka ya 1921 iliyochukua nafasi ya uchukuaji huo: chukua 5 tu, zinazozidi auze. Ukiruka hatua hii ukaenda moja kwa moja kwa Stalin, aliyetawala baada ya Lenin, hawataelewa mashamba yake ya pamoja yalifuta nini.