Eksirei ya nyonga safi, lakini mgonjwa anachechemea: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza hivi: mdogo wako ana selimundu, anachechemea mwezi wa tatu sasa, eksirei ya nyonga imetoka safi na daktari bado anataka MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku). Je, mnapigwa hela? Hampigwi. Mimi niliwaza kama wewe, nikaja kulipa kwa mguu.

Kwangu ilianza gotini. Goti la kulia linauma usiku, na asubuhi kupanda daladala pale Rangi Tatu ni shughuli: mpaka nilishike paja kwa mikono miwili ndipo mguu ufike kwenye ngazi. Kituo kimoja cha afya (sikitaji) wakapiga eksirei ya goti, safi. Nikala diklofenaki na kuchuliwa miezi mitano. Nyonga hakuna aliyeigusa. Kumbe nyonga ikiugua, maumivu huweza kushukia gotini, maana kuna mishipa ya fahamu inayohudumia sehemu zote mbili.

Aliyenishtukia ni daktari wa mifupa, kijana tu. Akanilaza chali, akanikunja goti, akauzungusha mguu kwa ndani. Nilipiga ukelele mpaka nesi akachungulia. Eksirei ya nyonga nayo ikatoka safi. Ndipo akaniuliza kama nimewahi kutumia deksamethasoni, dawa ya steroidi ambayo wengine huimeza ili wanenepe. Nikakana. Halafu nikakumbuka vile vidonge vya kunenepa, vya kwenye vipakiti visivyo na jina, nilivyokula karibu mwaka mzima. Dada zangu mnaosoma hapa mnanielewa. Dawa za jamii hiyo, pombe nyingi, kuvunjika shingo ya paja, na selimundu pia: vyote vinaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa unakufa, nje huoni kitu.

Eksirei inaonyesha umbo, na mfupa uliokufa juzi bado una umbo lake. MRI inaona uboho wa ndani, ndiyo maana inawahi. Kwenye picha yangu daktari alinionyesha mstari mweusi umezunguka kipande cha juu cha kichwa, kama ufukwe wa kisiwa: mpaka wa mfupa mfu na mfupa hai. Kulia palishaanza kubonyea. Kilichonikata maini ni kushoto. Hapakuwa na maumivu hata chembe, na mstari upo.

Huku mtaani kila nyonga mbovu "imesagika". Kusagika kwenyewe ni kwisha kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo: kwenye eksirei ile nafasi kati ya kichwa na kikombe chake inapungua, na vijimfupa vinaota pembeni. Mfupa ukifa kwa kukosa damu ni kinyume, nafasi inabaki nzuri muda mrefu huku kichwa ndicho kinachobonyea. TB ya nyonga hufifisha mfupa pande zote mbili za kiungo na kula kingo, nafasi inapungua polepole. MRI huonyesha maji ndani, mara nyingine na jipu.

Kwa mdogo wako kuna mtego mmoja. Kwa mwenye selimundu, mfupa uliokosa damu na mfupa wenye usaha vinaweza kufanana hata kwenye MRI. Wakisema wavute maji kwa sindano wakapime, msikatae. Na akishikwa na homa, hataki mguu uguswe, msingoje tarehe ya kipimo. Mpelekeni usiku huo huo, maana usaha huharibu kiungo kwa siku chache tu.

Siku ya kipimo hakikisheni wanapiga nyonga zote mbili. Kama ana chuma chochote mwilini, aseme kabla ya kuingia. Mashine inagonga kama fundi bati, na kulala nusu saa au zaidi bila kutikisika, nyonga ikiuma, ni mateso. Ombeni dawa ya maumivu mapema. CD ya picha mkae nayo wenyewe, msiridhike na karatasi ya ripoti peke yake.

Kushoto walinitoboa mfupa kupunguza shinikizo, mwaka wa pili huu bado naukanyagia. Kulia nasubiri nyonga bandia. Zamu yangu ya kikoba ni mwezi wa kumi.