Uliza Mwalimu wa Farasi: Nitatuliaje Kwenye Tandiko?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 41, karani wa benki hapa Moshi. Tangu Januari najifunza kupanda farasi kila Jumamosi. Farasi akitembea nipo salama, ila akianza mchakamchaka narushwa kama gunia, miguu inapepea, mikono inapanda na kushuka. Naambiwa nibane magoti. Nabana mpaka mapaja yanatetemeka, na bado. Somo la pili kwa wiki siliwezi kwa fedha. Kuna mazoezi ya kufanya nyumbani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mama. Kwanza legeza hayo magoti. Nami niliambiwa nibane, na farasi ndiye aliyeumia. Finya sabuni yenye maji uone: inaruka. Ndivyo goti lililobana linavyokufanya. Makalio yanaachana na tandiko, kisigino kinapanda, mguu chini ya goti unakosa utulivu. Mikono nayo inatafuta pa kujishikiza, inapata hatamu, na mwisho wa hatamu kuna chuma ndani ya kinywa cha mnyama. Kila unaporushwa, yeye anavutwa.

Nilipokuwa saisi, yaani mtunza farasi, wa miaka 19 karibu na Usa River, nilimpanda jike mmoja mwekundu kwa kubana hivyo msimu mzima. Asubuhi moja nilipomgusa mgongo kwa brashi, alijikunja akanionyesha meno. Alipumzishwa wiki sita. Kwa ajili yake nakujibu kwa urefu.

Katika wiki hizo nilimtazama mama yangu akitoka mferejini na ndoo ya lita 20 kichwani, ngata chini yake, mikono inaning'inia. Nilikuwa nimemwona hivyo tangu utotoni bila kumwangalia. Mabega na kichwa vilitulia kabisa, kwa sababu nyonga zilikuwa zinameza kila hatua: mbele, nyuma, upande huu, upande ule. Farasi anapotembea, huzisogeza nyonga za aliyempanda karibu sawa na zinavyosogea mtu anapotembea kwa miguu yake. Basi anza na ndoo. Weka ndogo, maji nusu, utembee uani dakika tano kila siku. Ukikaza kiuno, maji yatakulowesha. Ukiachia nyonga, yatatulia.

Tatizo lako jingine, naamini, ni kiti cha benki. Anayekaa kutwa misuli ya mbele ya nyonga hukaza, na akipanda farasi anabaki amekaa kama yuko kaunta, magoti juu, miguu mbele. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Mgiriki Xenophon, aliyekuwa askari wa farasi, aliandika kwamba mpandaji asikae kama aliyeketi kitini, bali kama aliyesimama wima ametanua miguu. Mtu akikutazama ubavuni, sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja. Ukirudi nyumbani kutoka kazini piga goti moja mkekani, mguu mwingine mbele, kaza kalio la upande wa goti lililo chini, kisha sogea mbele kidogo mpaka uhisi kinena kinavutika. Hesabu hadi 30, badilisha. Usipinde mgongo ili uende mbali zaidi. Hapo utakuwa unauchosha mgongo tu.

Visigino vinahitaji ngazi. Simama ukingoni mwa kidato kwa sehemu pana ya mbele ya unyayo, pale pale panapokaa kikuku (kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko), shika ukuta, uache visigino vishuke vyenyewe kwa uzito wako. Usivisukume. Sekunde 30, mara tatu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kigoda na vikombe. Kaa kwenye kigoda kigumu, miguu umeitanua, na uweke viganja chini ya makalio. Utahisi mifupa miwili. Viringisha nyonga mbele na nyuma mpaka mifupa hiyo ielekee chini moja kwa moja. Hapo ndipo pa kukalia tandikoni. Sasa toa mikono, shika vikombe viwili vya maji, viwiko vikae mbavuni. Inuka kidogo, kaa, inuka, kaa, ukihesabu "moja, mbili" kama mdundo wa mchakamchaka. Mwili unapanda, vikombe vinabaki palepale. Hilo halitokei mpaka viwiko vifunguke na kujikunja vyenyewe, na ndicho kinywa cha farasi kinachokuomba. Mara 20 zatosha. Wanafunzi wangu wengi humwaga maji wiki ya kwanza.

Kwa tumbo na mgongo, lala chali, mikono juu kuelekea dari, magoti yamekunjwa juu ya nyonga. Shusha mkono wa kulia nyuma ya kichwa huku ukinyoosha mguu wa kushoto, rudisha, kisha upande wa pili. Farasi akienda mchakamchaka naye hutupa miguu kimshazari hivyo hivyo. Mgongo ukinyanyuka mkekani, ishia hapo, pumzika. Na asubuhi ukipiga mswaki simama kwa mguu mmoja. Utajua upande upi ni dhaifu, nao ndio unaokupinda tandikoni.

Goti au mgongo ukiuma kwa kuchoma, acha, umwone daktari.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 12 anataka kupanda bila vikuku ili awe imara haraka. Nimruhusu?
Baba, Arusha

JIBU: Mruhusu, lakini si peke yake. Kwenye shule ya kale ya farasi ya Vienna, Austria, wanafunzi wapya hufundishwa muda mrefu bila vikuku wala hatamu, farasi akizungushwa na mwalimu kwa kamba ndefu. Ombeni hivyo hivyo: farasi mtulivu, mwalimu ameshika kamba, dakika kumi, kisha vikuku virudishwe. Kijana akichoka ataanza kubana na kudunda, na mgongo wa farasi utalipa. Kofia ngumu afungwe kidevuni akiwa bado chini, kabla mguu haujainuka.