Tamthilia ya mafumbo ikikuacha njia panda

Usiku tulipomaliza kipindi cha mwisho cha Lost, tamthilia ya Marekani kuhusu manusura wa ajali ya ndege waliokwama kisiwani, mdogo wangu alikuwa amekumbatia mto, hasemi kitu. Misimu yote sita tuliitazama pamoja, tukingojana hata mmoja wetu akiwa safarini. Majina ya mwisho yalipokwisha kupita kwenye skrini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, kwa hiyo walikuwa wamekufa tangu mwanzo?"

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni uchungu, uchungu wa mtu aliyemwamini mwenzake miaka mingi kisha akaachwa kwenye mataa.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote ambaye ametoka kwenye mwisho wa namna hiyo na anaambiwa na walio karibu naye, "Mbona unajisumbua, si maigizo tu?" Mimi nasema una haki ya kuumia. Tamthilia ya mafumbo hukuomba kitu ambacho tamthilia ya mapenzi au ya kuchekesha haikuombi: uvumilie usichokielewa leo kwa ahadi kwamba kesho utaelewa. Lost peke yake ni zaidi ya saa 80. Aliyetega kitendawili, na mji ameshapewa, anadaiwa jibu. (Tahadhari: mbele nafichua mambo ya Lost, The Killing na Twin Peaks.)

La kwanza ninalokushauri ni kutohukumu usiku uleule. Mimi nilihukumu. Niliandika maneno makali kuhusu waandishi, nikayatuma kwa kila niliyemjua aliyekuwa akiitazama, na asubuhi niliposoma upya niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimewashambulia watu badala ya kazi yao. Tena nusu ya niliyolalamikia hayakuwa kweli, ingawa hilo nilikuja kuligundua baadaye sana.

Niligundua kwa sababu ya daftari. Tangu msimu wa pili nilikuwa naandika kila swali ambalo hadithi iliniachia: yule dubu mweupe wa nchi za barafu anafanya nini kwenye kisiwa cha joto, ule moshi mweusi ni nini, namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 zina maana gani. Yalifika maswali 63. Mwaka mmoja baada ya ule usiku, hasira ikiwa imepoa, nililifungua nikaanza kupitia swali moja baada ya jingine, huku nikirudia vipindi vyenyewe.

Ajabu ya kwanza ni kwamba maswali mengi yalikuwa yamejibiwa, ila mimi sikusikia. Dubu alijibiwa mapema katika msimu wa tatu. Sawyer, mmoja wa manusura, anafungiwa kwenye kizimba, anahangaika mpaka anajua namna ya kukitoa chakula kwenye mtambo uliomo ndani, na mlinzi anamwambia kwamba dubu walichukua saa mbili tu. Basi, hapo ndipo jibu lilipokuwa: dubu waliletwa na watafiti kwa majaribio. Sentensi moja, imesemwa kwa kupita. Nilikuwa nasubiri jibu lenye ngoma na vigelegele, likaja limevaa nguo za kawaida nikalipita.

Hata swali la mdogo wangu lilikuwa na jibu. Katika kipindi cha mwisho, ndani ya kanisa, baba yake Jack, mhusika mkuu, anamwambia mwanawe waziwazi kwamba yote yaliyompata yalikuwa ya kweli, na kwamba wale waliomo humo wengine walikufa kabla yake na wengine muda mrefu baada yake. Kilichotuchanganya ni picha za mabaki ya ndege ufukweni zilizopita wakati wa majina ya mwisho, hakuna mtu hata mmoja anayeonekana. Picha zile hazikuwa sehemu ya hadithi. Kituo cha televisheni cha ABC, kilichokuwa kinaionesha, ndicho kilichoziweka, kumpa mtazamaji muda wa kupumua kabla ya taarifa ya habari. Watu wengi sana waliondoka na tafsiri isiyo sahihi kwa sababu ya sekunde chache ambazo waandishi hawakuziandika. Jambo hili huniuma hadi leo, kwa niaba ya waandishi na kwa niaba yetu watazamaji.

Kundi la pili la maswali ni deni halali. Walt, yule mtoto, alioneshwa katika msimu wa kwanza kama mwenye nguvu za pekee, akatekwa kwa ajili ya hizo nguvu, kisha hadithi ikamwacha. Sababu mojawapo inaeleweka: misimu mitatu ya mwanzo inasimulia siku kama 90 tu za kisiwani, na kijana aliyemwigiza alikuwa anarefuka kwa kasi ya maisha halisi. Ninaielewa sababu, lakini deni halifutiki kwa kuelewa sababu. Mtu akikuambia hadithi imekuangusha na akakuonesha mahali kama hapo, usimbishie, ana haki.

Kundi la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, na ndilo ninalotaka ulifikirie kwa makini. Karibu maswali 20 hayakuulizwa na hadithi hata mara moja. Niliyauliza mimi. Kati ya msimu na msimu kuna miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo nilikuwa nimejijengea maelezo yangu mwenyewe ya kisiwa, yenye kanuni zake na historia yake, nikayapenda. Mwisho ulipofika sikuulinganisha na hadithi niliyooneshwa. Niliulinganisha na ile niliyoitunga. Hakuna mwandishi anayeweza kushindana na mwisho ambao umeujenga kichwani kwa miaka kwa vipimo vya moyo wako.

Kwa hiyo sasa, tamthilia ikiniudhi mwishoni, najiuliza kabla ya yote: hili ninalolidai, nani aliniahidi?

Wakati mwingine jibu liko wazi kabisa. The Killing ya Marekani ilitangazwa mwaka 2011 kwa swali moja: nani alimuua Rosie Larsen? Swali hilo ndilo lililotuita. Msimu wa kwanza ukaisha tarehe 19 Juni, vipindi 13, na muuaji hakutajwa. Alitajwa mwaka uliofuata, mwishoni mwa msimu wa pili. Watazamaji walikasirika, nami nilikuwa mmoja wao, na sijabadili mawazo. Tamthilia ya Denmark iliyozaa hiyo ya Marekani, ya mwaka 2007, ilichukua vipindi 20 na ikamtaja muuaji. Kuchelewesha jibu ni ufundi. Kuuza swali kisha kumfungia mlango mtu aliyekuja kwa ajili ya jibu ni kumkosea heshima.

Lakini jibu nalo laweza kuua. Twin Peaks ilianza Aprili 1990, na kila mtu alitaka kujua nani alimuua Laura Palmer. Waundaji wake, David Lynch na Mark Frost, walishinikizwa na kituo kulitoa jibu, likatolewa Novemba mwaka huohuo. Baada ya hapo watazamaji wakaondoka, na Juni 1991 ikakatika ikiwa imemwacha mpelelezi wake mahali pabaya mno. Waliobakia nayo walingoja hadi 2017 kuiona tena. Naitaja kila mara mtu anaponiambia, "Wangetuambia tu mapema." Walipoambiwa mapema, hawakuwa na sababu ya kurudi wiki iliyofuata.

Ndiyo maana siku hizi, kabla ya kuanza tamthilia ndefu ya mafumbo, naangalia jambo moja: je, walioiandika walijua inaishia lini? Lost yenyewe ilikwenda karibu misimu mitatu bila kujua. Mei 2007 ndipo ilipotangazwa kwamba itaisha mwaka 2010, baada ya vipindi vingine 48. Ukiitazama mfululizo utaona tofauti. Kabla ya hapo kuna vipindi vinavyozungukazunguka, na baada yake hadithi inatembea kama mtu anayejua nyumbani ni wapi. Fumbo lisilo na tarehe ya kufumbuliwa hurefushwa kadiri matangazo yanavyouzika, na kila kirefusho ni swali jipya ambalo mtu atalazimika kulijibu baadaye. Tamthilia ya msimu mmoja wa vipindi sita au nane naianza bila wasiwasi.

Na kama umeshaangushwa, rudia kipindi kimoja ulichokipenda. Kimoja tu, cha katikati. Mimi na mdogo wangu hurudia kile cha msimu wa nne ambamo Desmond, aliyepotelewa na wakati, anampigia simu mpenzi wake Penny usiku wa kuamkia Krismasi, naye anapokea. Mdogo wangu bado hulia palepale. Nilikuwa nimeogopa kwamba mwisho ungekuwa umekichafua na hicho. Haukukigusa.

Mara ya mwisho tulipoitazama yote upya tulikuwa na daftari mezani, na yeye ndiye aliyeshika kalamu, akipiga mstari kila jibu linapopita. Tulipomaliza tukaweka na kile kipande cha kama dakika 12 kilichotolewa baadaye kwenye DVD, ambamo Ben, mmoja wa wahusika wa kisiwani, anamfuata Walt, naye Walt anaambiwa kuna kazi inamngoja kisiwani. Akasita na kalamu mkononi.

"Dada, na hili la Walt nalo nipige mstari?"

Nikamwambia aliache kama lilivyo.