Kabla Mzazi Wako Hajaingia Kwenye Mashine ya MRI

Mama alipoanza kupotea njia ya kurudi kutoka sokoni, njia aliyoipita kwa zaidi ya miaka 30, daktari aliagiza apigwe picha ya ubongo kwa MRI, mashine inayotumia sumaku. Tulilipa, tukasubiri, tukapewa majibu, kisha daktari bingwa wa mishipa ya fahamu akatueleza kwa upole kwamba picha alizozihitaji hasa hazikupigwa. Kwenye fomu yaliandikwa maneno matatu tu: maumivu ya kichwa. Kurudia kipimo hakukumdhuru mama, kwa kuwa MRI haitumii eksirei. Kilichodhurika ni mfuko wetu.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba MRI si picha moja. Sumaku yake, ambayo mara nyingi huwa na nguvu ya tesla 1.5 au 3, huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, kisha mawimbi ya redio huzitikisa, na mashine husikiliza mwangwi unaorudi. Mtaalamu akibadili namna ya kutikisa na muda wa kusikiliza, hupata picha ya aina nyingine, inayojibu swali jingine. Ipo inayofuatilia mwendo wa maji ndani ya tishu, nayo huweza kuonyesha kiharusi cha kuziba kwa mshipa saa chache tu baada ya kutokea, wakati CT scan, yaani picha ya kompyuta inayotumia eksirei, ingali haionyeshi kitu. Ipo inayofifisha maji yanayouzunguka ubongo, ili madoa yanayoachwa na presha ya miaka mingi yaonekane meupe. Kwa mtu anayesahau, hutakiwa pia picha zinazoonyesha vizuri hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo aghalabu husinyaa mapema katika ugonjwa wa Alzheimer. Basi mwombe daktari aandike dalili zote, zilianza lini, na anashuku nini. Usione haya kumwomba.

Jambo la pili ni chuma. Sumaku ile huwaka mchana na usiku, hata kama hakuna mgonjwa ndani. Taja betri ya moyo, klipu ya mshipa wa kichwani, na vipande vya chuma machoni ikiwa mgonjwa aliwahi kuwa fundi wa kuchomelea. Pini za mtandio nazo zitolewe. Matatizo ya figo yatajwe pia, kwa sababu huenda ikahitajika sindano ya dawa ya kung'arisha picha, yenye madini ya gadolini, ambayo hutolewa mwilini na figo.

Kelele ni kubwa, kama mafundi wanaopigilia mabati, hivyo hakikisha amepewa vizibo vya masikio.

Picha za pili zilionyesha madoa mengi ya presha, na hipokampasi isiyosinyaa sana. Daktari hakutoa hukumu kwa picha peke yake: alimpima mama kumbukumbu, akaagiza damu, akabadili dawa za presha, akataka tulinganishe baada ya mwaka. CD ya picha hizo naiweka bahasha moja na kadi yake ya kliniki.