"Furahini" ni neno la wengi: jibu kwa mleta uzi kuhusu kikundi kilichochoka

Mleta uzi, shalom. Kwa wanaoingia sasa, hali aliyoieleza ni hii: kikundi cha maombi cha watu kumi na wanne. Ndani ya miezi michache mmoja amefiwa na mume, wawili wamepoteza kazi, na mwingine anauguza mtoto. Kila wiki kiongozi anafungua kwa Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana sikuzote", na kila wiki wanaokuja wanapungua. Juu ya hayo, dada wawili wa kamati ya huduma hawasalimiani tangu mchango wa mwisho ulipogawanywa. Anauliza furaha itarudije, na umoja utarudi lini.

Umeyaweka kama maswali mawili. Mimi naona ni moja, na Kiswahili chenyewe kinalionyesha. Paulo hakusema "furahi", alisema "furahini". Ile -ni ya mwisho ndiyo watu wanaiacha njiani. Amri ilipelekwa kwa kusanyiko zima, halafu sisi tunaichukua tunamtwika mjane mmoja aliyekaa kwenye kona, kana kwamba imeandikwa kwa jina lake. Akishindwa kuitimiza peke yake anaona amekosa imani, na wiki inayofuata haji. Si kwamba kamkimbia Mungu. Kakimbia ule mstari.

Sasa rudi nyuma kidogo usome kilicho juu ya mstari huo. Paulo yuko kifungoni. Barua ni fupi, sura nne tu, unaimaliza kwa kikao kimoja, na neno la furaha linarudi ndani yake mara kwa mara. Lakini 4:2, ikiwalenga wanawake wawili wa kusanyiko hilo, inasema, "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Angalia kitenzi kilivyorudiwa. Angeweza kusema "nawasihi Euodia na Sintike" akamaliza. Anamsihi kila mmoja kivyake, hakuna anayepewa upande, na hatuambiwi nani alikosea. Mstari wa 3 anamtaja mtu wa tatu, "mjoli wa kweli" (yaani mtumishi mwenzake), awasaidie. Kisha ndipo mstari wa 4: furahini. Yaani kabla ya kufika kwenye furaha, barua imepitia ugomvi wa watenda kazi wawili na kuuwekea msuluhishi. Kiongozi wako anaanzia mstari wa 4. Mwambie, kwa heshima, aanzie wa 2.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hao dada wawili, kabla ya nyimbo, kabla ya mfungo. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili zaidi. Kwenu hatua ya kwanza naona imeshapitwa, kwa hiyo tafuteni msuluhishi mmoja. Asiwe mke au mume wa kiongozi, wala rafiki wa karibu wa upande wowote. Awe mtu ambaye wote wawili wamewahi kufanya naye kazi. Akae kwanza na kila mmoja peke yake, asikilize, aandike mambo mawili tu: nini kilitokea, na nini kilimuuma. Haya hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Kilichotokea ni kwamba fedha ilikwenda kwa fulani na si kwa fulani. Kilichouma huwa ni kwamba "sikuulizwa". Baada ya siku mbili tatu wakae watatu, wazungumze jambo hilo moja, na mambo ya miaka iliyopita yakianza kuingia msuluhishi ayasimamishe.

Mnaharibu wapi? Kwanza, kuwasimamisha mbele ya kikundi wakumbatiane. Watakumbatiana, na wakitoka nje wanaendelea kununiana, sasa wakiwa na aibu juu. Pili, maombi yenye mahubiri ndani: "Bwana, mguse dada yetu aache kiburi". Hayo si maombi, ni kusema mtu huku umefumba macho. Tatu, kusuluhisha kwa ujumbe wa simu. Maandishi hayana sauti, na ujumbe husomwa mara kumi kwa hasira ile ile.

Chini ya ugomvi huo kuna suala la fedha, na hapa ndipo vikundi vingi vinapovunjikia wakati wa dhiki. Shida ikizidi mchango hautoshi, na usipotosha kila mgawanyo unaonekana ni upendeleo. Haya si mapya. Matendo 6 inasimulia kanisa likiwa changa kabisa: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwahubiria walalamikaji juu ya uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye kushuhudiwa mema, na ukisoma majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kiyunani, upande uleule uliolalamika. Hata Paulo, alipokuwa akipeleka changizo kwa watakatifu, hakulibeba peke yake. Katika 2 Wakorintho 8:20-21 anasema wazi kwamba anajiepusha na lawama, anaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Sasa kama Paulo alihitaji mashahidi, mweka hazina wenu ni nani asihitaji?

Kwa kikundi cha ukubwa wenu inatosha hivi. Watu wawili wasiohusiana kwa damu wala ndoa wanahesabu mchango pamoja, palepale, na kutia saini daftarini. Kila mwezi kikundi kinasomewa namba tatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya waliosaidiwa hayasomwi, yanabaki kwa watu watatu waliochaguliwa. Mkubaliane mapema kiasi ambacho hao watatu wanaweza kutoa kwa dharura bila kuitisha kikao, maana mtu anayehitaji dawa leo usiku hawezi kusubiri ajenda. Na yeyote kati ya hao watatu akiwa mhitaji au ndugu wa mhitaji, anatoka nje wakati wa uamuzi. Mtu ataniambia huu ni urasimu, sisi ni ndugu. Ndiyo, na ndugu ndio wanaogombana kwa urithi.

Mpaka wa msaada nao mtauhitaji. Wagalatia 6:2 inasema mchukuliane mizigo, na 6:5 inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Watu huona mgongano. Hakuna. Mzigo ni kile kinachomlemea mtu mpaka anainama: msiba, ugonjwa, kazi iliyokatika ghafla. Furushi ni la safari ya kila siku. Kikundi kikibeba mafurushi ya watu kinachoka ndani ya mwaka mmoja, kisha hakina nguvu mzigo wa kweli ukija. Swali linalosaidia kutofautisha ni hili: "Wiki hii ni kitu gani kimoja huwezi kukifanya peke yako?" Linamwomba mtu kitu kimoja, chenye siku. Lile la "ukihitaji chochote sema" halijawahi kumsaidia mtu, kwa sababu linamwachia mwenye shida kazi ya kufikiri, kuchagua na kuomba, na hizo tatu ndizo hana nguvu nazo.

Nije kwenye ibada yenyewe. Mkifungua kwa mapambio ya shangwe, aliyefiwa ana njia mbili: aigize au akae kimya aonekane. Biblia ina njia ya tatu ambayo mmeiruka, nayo ni kulalamika mbele za Mungu. Chukueni Zaburi ya 13. Ina mistari sita: miwili ya kulalamika, miwili ya kuomba, miwili ya kutumaini. Katika ile miwili ya kwanza "hata lini" inarudi mara nne. Msomaji mmoja aisome taratibu, mara mbili, kisha kimya cha dakika tatu zilizopimwa kwa saa (bila kupima, kiongozi atakikatisha baada ya sekunde arobaini, kimya kinatisha). Halafu kila anayetaka amalizie kwa sauti sentensi yake mwenyewe ya "hata lini". Dakika mbili mtu mmoja, hakuna kujibu, hakuna kushauri, hakuna "lakini ndugu yangu kumbuka". Kikundi kinaitikia tu "Bwana, sikia". Anayetaka kupita anapita. Mkimaliza mzunguko, someni mstari wa 5 na wa 6 kwa pamoja.

Hapo ndipo -ni inapofanya kazi. Asiyeweza kusema "moyo wangu na uufurahie wokovu wako" usiku huo anasikia wengine wakiusema, na imemtosha. Wiki ijayo pengine yeye ndiye atakayesema kwa niaba ya mwingine. Msimlazimishe mtu afike mstari wa 5 siku ileile aliyoanza mstari wa 1. Zaburi ya 88 haifiki kabisa, inaishia gizani, na bado imo katika Biblia.

Mtakutana na mtu wa kusema kwamba mwenye imani hahuzuniki, au kwamba shida hizi ni dalili ya dhambi iliyofichwa. Msiliache likae. Barua hiyohiyo ya furaha, 2:25-30, inamtaja Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi, aliyeugua hata karibu na kufa akiwa katika utumishi, na Paulo halaumu imani ya mtu yeyote. Anasema Mungu alimrehemu Epafrodito, na yeye Paulo pia, asipate "huzuni juu ya huzuni". Maana yake, huzuni ya kwanza alikuwa nayo tayari. Ile 4:13, "Nayaweza mambo yote", nayo isomeni na mistari miwili iliyo juu yake: ni kuweza kupungukiwa na kuweza kuwa na vingi. Na neno alilotumia ni "nimejifunza". Mtu hajifunzi jambo kwa wiki moja.

Kutembeleana. Rafiki za Ayubu wanalaumiwa sana, lakini walianza vizuri: siku saba na usiku saba wamekaa naye chini, hakuna aliyesema neno. Waliharibu walipofungua midomo. Nendeni wawili, si sita. Nusu saa. Fikeni mkiwa na kazi ya mikono, kufua, kumchukua mtoto, kupanga foleni ya jambo fulani kwa niaba yake. Na kalenda ni muhimu kuliko maneno: wiki mbili za kwanza nyumba hujaa, kisha ghafla hakuna mtu. Andikeni sasa hivi nani atakwenda wiki ya sita, mwezi wa tatu, na siku ya kutimiza mwaka. Mkiacha kila mtu aende "akiguswa", wote wataguswa wiki ya kwanza.

Mkimkuta mtu hapati usingizi, hataki kula, au anazungumzia kufa, hilo si la kukemea. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe, na malaika alimpa chakula, akalala, akampa tena, mazungumzo yakaja baadaye kabisa. Mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo, msimwache peke yake, na maombi yaendelee mkiwa njiani.

Kuna upande mwingine ambao hukuuliza. Katika kikundi chenye dhiki watu huanza kuficha mema yao. Aliyepata kazi ananyamaza, aliyejifungua anaona haya. Warumi 12:15 ina nusu mbili, kufurahi na wafurahio na kulia na waliao, na mkiiacha ya kwanza kikundi kinakuwa chumba cha wagonjwa. Ruhusuni ushuhuda, dakika mbili, usemwe kama habari: nilipata, namshukuru Mungu. Kinachoumiza ni nyongeza: "kwa sababu nilifunga siku saba", "kwa sababu sikukata tamaa". Aliyefunga siku ishirini na moja bila kupata amekaa palepale.

Waliopotea wasirudishwe na tangazo. Gawaneni majina, mmoja kwa mmoja, na anayepiga simu awe yule aliyekuwa akikaa jirani na mhusika, kiongozi akae pembeni kwanza, maana simu ya kiongozi husikika kama ya kuulizwa utoro. Asipopokea, ujumbe kama huu unatosha: "Shikamoo mama. Alhamisi tupo. Huhitaji kusema wala kuomba chochote. Nimekuwekea kiti karibu na mlango, ukichoka unatoka tu." Na chini ya ujumbe huo usiongeze mstari wa Biblia, hasa ule wa "Furahini".