Maswali na majibu: Napanda Huashan mwezi wa kumi, nimeze dawa gani ya magoti?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa Kitanzania, nina miaka 27, nasoma Xi'an huku China. Mwezi wa kumi tunapanga kwenda Huashan, ule mlima mtakatifu wa Kitao, dini ya kale ya Wachina. Magoti yangu yanalia nikishuka ngazi na yanauma kwa mbele, siyo sana. Wenzangu wanasema tupande kwa gari la waya (cable car) halafu tushuke kwa miguu, eti ndiyo rahisi. Nimeambiwa pia ninunue mkebe wa oksijeni, nimeze diklofenaki asubuhi kabla ya kuanza, na kuna mtu huko nyumbani ananiuzia dawa ya kuongeza ute wa magoti, anasema wangu umeisha. Nianze lini hizi dawa na kwa dozi gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Oksijeni tuimalize haraka: usinunue. Kilele kirefu kuliko vyote pale Huashan ni cha Kusini, mita 2,154, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida unaanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu usiku wa kwanza tu wanalala Mandara, mita 2,720, yaani wanalala juu kuliko kilele chako na wala hawavuti mkebe. Ukihema pale ujue ni ngazi zimekuzidi, basi. Hiyo hela nunua glavu za kitambaa, zinauzwa palepale chini kwa bei ndogo, maana njiani utashika minyororo ya chuma kwa mikono yote miwili na asubuhi ina baridi kweli.

Sasa huo mpango wa kupanda kwa gari mshuke kwa miguu, jamani, huo ndio unaonichosha. Mimi ni mtu wa fiziotherapia hapa Moshi, watu wanaotoka mlimani ndio wateja wangu, na maneno ni yaleyale kila msimu: kupanda nilikuwa poa kabisa, kushuka ndiko kumeniua. Halafu anayefuata naye anajiandaa kwa kupanda tu, kushuka hakuwazi kabisa.

Sikiliza. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja inajikunja na kukusukuma juu, moyo unadunda, jasho linatoka, unaiona kazi kwa macho. Ukishuka misuli ileile inageuka breki, inarefuka huku imekaza, na nyuzi zake zinachanika kidogokidogo na wewe huna habari kwa sababu huhemi, unapiga stori, unapiga selfi, maumivu yenyewe yanakuja kesho yake na yanafika kileleni siku ya pili au ya tatu. Na kila ngazi unayoteremka, pia ya goti inabanwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayofika kama mara 3 ya uzito wako. Wewe umesema goti linauma kwa mbele ukishuka, sasa hao wanaokwambia ushuke Huashan nzima kwa miguu wanakutakia nini?

Kwa hiyo geuzeni mpango, kushuka ndiko kuwe kwa gari. Magari ya waya pale yapo mawili, la Kilele cha Kaskazini tangu 1996 na la Magharibi tangu 2013. Mwenye magoti mazima anaanzia hekalu la Yuquanyuan chini kabisa, anafuata njia ya zamani kama kilomita 6 mpaka Kilele cha Kaskazini, masaa 3 mpaka 5, akipitia Qianchizhuang ambapo ngazi zimesimama karibu wima kwenye ufa wa jabali. Kwa goti lako mi ningekuchagulia hivi: panda na gari la Kaskazini, tembea kupitia ule mgongo mwembamba wa Canglongling, zunguka vilele vya Mashariki, Kusini na Magharibi taratibu, halafu rudi chini na gari la Magharibi. Hapo umeona mlima wote, na mahekalu umeyaona (mlangoni ruka kizingiti, usikikanyage, na usipige picha sanamu za miungu ndani), na goti limeponea sehemu mbaya kuliko zote.

Tarehe 1 mpaka 7 Oktoba msiende kabisa. Ni likizo ya taifa, nusu ya China iko barabarani, foleni ya gari la kushukia inaweza kula masaa, na mtu akishachoka na foleni ndio anaamua bora nishuke na miguu, giza linaingia, mapaja yameshaisha. Nendeni baada ya hapo, siku ya katikati ya wiki, na muulize gari la mwisho linaondoka saa ngapi kabla hamjaanza kutembea.

Na ile ya kupanda usiku kucha ili muwahi jua Kilele cha Mashariki, naijua, wanafunzi mnaipenda. Mwezi huo jua linachomoza kama saa 12 na nusu asubuhi, mnalisubiri kwenye upepo, misuli inapoa na kukakamaa, halafu mnaanza kuteremka bila usingizi. Mkaa pweke wa Kitao anayejulikana sana kwenye mlima huo, Chen Tuan wa karne ya 10, anasifika kwa kulala muda mrefu sana, na mi nawashauri mfuate huyo. Kuna nyumba za wageni hukohuko juu, laleni, amkeni, oneni jua. Ile njia ya mbao iliyopachikwa kwenye jabali la Kilele cha Kusini wanakufunga mkanda na ndoano ndiyo, lakini kama miguu inatetemeka usiikanyage.

Mazoezi anza leo. Hosteli yenu ina ghorofa? Panda kwa lifti, shuka kwa ngazi, polepole, siku moja fanya siku moja pumzika. Halafu simama kwenye ngazi fupi kwa mguu mmoja, teremsha kisigino cha mguu wa pili chini ukihesabu mpaka 4, kiguse sakafu, rudi juu. Mara 10, raundi 3, kila mguu. Goti likiuma kidogo la kuvumilika endelea, likivimba au likikwama au likilegea ghafla acha, nenda hospitali ya hapo chuoni. Misuli ina tabia moja nzuri sana, ukiishukisha ngazi mara moja ikauma, mara ya pili kazi ileile haiiumizi kiasi kile, na hiyo kinga inakaa wiki kadhaa. Hakuna kidonge kinachofanya hivyo. Zoezi zito la mwisho liwe wiki moja kabla ya safari.

Tuje kwenye diklofenaki. Umeniuliza dozi, jibu langu ni usimeze kabisa kwa ajili ya kujikinga. Haizuii misuli kuchanika, inakuzibia tu taarifa, utaendelea kukanyagia goti ambalo lingekwambia pumzika. Na ubaya wake mkubwa uko kwenye figo: ukiwa umetoka jasho na maji umekunywa kidogo, figo zinategemea kemikali fulani za mwili kuweka mishipa yake wazi damu ipite, na diklofenaki na ibuprofeni kazi yake ni kuzima kemikali hizohizo. Kunywa maji, ukirudi umeumwa mapaja meza parasetamol kama pakiti inavyosema, itapita. Ila mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mlima, na mapaja yamevimba, hiyo siyo ya kusubiri, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Sasa huyo wa ute. Amekupima na nini? Ameona goti lako wapi, kwenye WhatsApp? Ute wa goti unatengenezwa na utando wa ndani ya goti lenyewe kila siku, haujazwi kwa kidonge wala kwa maji ya bamia, na goti kulia peke yake bila maumivu siyo ugonjwa, magoti ya watu wengi wazima yanalia. La kwako pengine linauma kwa sababu paja halina nguvu ya kulishikilia unaposhuka, na wasichana wa umri wako wenye shida hiyo wako wengi mno, na wengi wanapata nafuu kwa mazoezi, ila mazoezi hayauzwi kwenye kopo ndio maana hakuna anayeyatangaza. Mama zetu wa sokoni, wagumu wanaobeba mizigo mlimani, madereva wa boda, wote wameshaambiwa ute umeisha, mwisho mtu anauza kuku wake anunue kopo.

Na inayonitisha zaidi ni yule anayesema "lakini dawa ilinisaidia siku ya pili tu". Dawa ya asili inayoondoa maumivu ya goti kwa siku moja, jiulize wameweka nini humo. Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu kirutubisho cha magoti ambacho walipokipima walikuta ndani kuna diklofenaki na deksamethasoni, na kwenye lebo hakuna hata neno. Deksamethasoni ni steroidi, dawa inayofanana na homoni ya mwili, inapandisha sukari na presha, uso unavimba na kuwa wa mviringo, mtu anasifiwa kanenepa, na ukiitumia muda mrefu tezi zako zinaacha kutengeneza ya kwako. Kwa hiyo wewe ambaye hujaanza, usianze. Na yeyote kwenu nyumbani ambaye ameshatumia kopo la namna hiyo kwa wiki nyingi asiliache ghafla, anaweza kuishiwa nguvu na presha ikashuka vibaya, alibebe aende nalo hospitali, amwonyeshe daktari, apunguziwe taratibu.