Saidia fundi miaka sita: ujuzi unao, haujaandikwa tu

Pole kwa kuchoka, ndugu yangu. Unasema umesaidia mafundi wa vigae miaka sita, shule uliachia njiani, na "hujui kitu". Hapo nakukatalia.

Chumba cha mita 4 kwa 3.6 ni mita za mraba 14.4. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 kinachukua 0.36, basi ni vigae 40. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, 44. Boksi la vine vine, maboksi 11. Kama hesabu hiyo unaipiga kichwani ukiwa mlangoni, hiyo ni kazi ya fundi, si ya kubeba ndoo.

Nunua daftari. Kila jioni, kwa siku 14, andika ulichopima, kilichoharibika na ulivyokirekebisha. Usiandike "mimi mchapakazi", maana hakuna anayeweza kulipima neno hilo. Andika "kigae kililia kitupu nikigonga, gundi haikuenea, nikakibandua".

Kisha nenda chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu, uliza urasimishaji wa ujuzi: hupimwa unachoweza kufanya, hata kama umejifunzia mtaani. Daftari nenda nalo, na picha za kazi zako.